Barua ya wazi kwa wakubwa wa Iringa: Mwembetogwa ikifunguliwa upya tupeni viti kwanza, hotuba baadae

Mheshimiwa Meya, Mkurugenzi, waheshimiwa madiwani wa Manispaa ya Iringa, na wakubwa wetu wa wilaya na mkoa, shikamooni. Wanyalukolo wenzangu mtakaoisoma hii, kamwene.

Naandika kuhusu viwanja vya Mwembetogwa. Sijaja kulalamika jamani, msinune kabla hamjasoma, nimekuja na furaha ya kitu ambacho bado hakijatokea. Nataka siku moja tupafungue upya pale mahali pakiwa pamepangwa upya kabisa, pana viti, pana miti ya kivuli, pana taa za maana, picha zinatembea ukutani, sauti inatoka vizuri, na watu wamejaa jioni bila kubebwa na fuso la chama chochote. Maana ukiitaja Mwembetogwa kwa mtu wa Dar au Dodoma yeye anajua ni mikutano ya hadhara tu, kampeni zikianza panafurika, mgombea akishuka jukwaani na spika zikizimwa kila mtu anashika njia yake. Mji wenye Chuo Kikuu cha Iringa, RUCU na Mkwawa ndani yake, vijana wamejaa kila kona, unastahili sehemu ambayo mtu anaenda kwa sababu tu anataka kuwa karibu na watu wengine, na hata kama mfukoni hana mia hakuna wa kumuuliza umekuja kununua nini.

Mtasema hizo ni ndoto za watu wenye bando. Sawa. Ila kufungua upya vitu mbona tunaweza? Nendeni Forodhani pale Unguja. Mwanzoni mwa 2008 bustani ilifungwa, watu wa Aga Khan wakaifumua, Julai 2009 ikafunguliwa tena, ukuta wa bahari umetengenezwa, taa zimewekwa, watoto wana sehemu yao, na wale wauza mishikaki na pweza wakarudi na meza zao. Saa moja jioni pale utakuta familia za Mji Mkongwe zimekaa na mtalii kakaa pembeni anakula urojo, hakuna aliyekata tiketi. Na hapa hapa kwetu lile Boma, jengo la Mjerumani la kama mwaka 1900 hivi, 2016 lilifunguliwa kuwa makumbusho, limependeza, ukiwa na mgeni una pa kumpeleka. Mi naona fahari nikipita pale. Lakini makumbusho yana mlango na muda wa kufunga. Mi nazungumzia sehemu isiyo na mlango.

Sasa niwaambie kitu kilichonifanya nikae chini niandike. Mwaka 2009 jiji la New York lilifunga kipande cha barabara ya Broadway pale Times Square, magari yakaambiwa yapite kwingine. Ungedhani watu wenye hela zile wangeanza na tenda ya mabilioni, mkandarasi, mshauri mwelekezi, bango la mradi. Hapana. Walipanga mapipa ya rangi ya machungwa katikati ya lami wakamwaga viti vya kukunja vya bei chee kabisa, vile vya kukalia ufukweni. Basi. Watu wakakaa. Wengine wakacheka sana, magazeti yakaandika kuhusu vile viti, ila viti vilijaa, na waenda kwa miguu waliokuwa wanagongwa pale wakapungua, mwaka uliofuata jiji likasema hii inakuwa ya kudumu. Ule ujenzi wenyewe sasa, wa kusawazisha sakafu na kuweka mabenchi ya mawe, uliochorwa na wasanifu wa Snøhetta kutoka Norway, umekuja kukamilika mwishoni mwa 2016. Yaani miaka saba mji ulikuwa unajaribu kwa viti.

Wakubwa zangu, viti tunavyo. Iringa nzima kila Jumamosi ina viti vya plastiki na maturubai vinazunguka kwenye kipaimara, kwenye harusi, kwenye misiba, hakuna mtaa usio na mtu wa kukodisha. Chukueni viti hivyo wekeni Mwembetogwa jioni za wikiendi, kodisheni projekta moja, tundikeni kitambaa cheupe, muone nani anakuja, anakaa wapi, watoto wanakimbilia upande gani, kina mama wanapaogopa wapi giza likiingia. Wale wa umri wangu mnakumbuka gari la sinema, lile lililokuwa linakuja na kitambaa chake na genereta, jua likizama kijiji kizima kimekaa chini, wengine wamekaa upande wa nyuma wanaona maandishi yamegeuka na wala hawajali. Hiyo ndio mnaita sanaa ya media anuwai siku hizi, babu zetu waliiangalia wakiwa na blanketi mabegani. Mkishaona watu wanavyokaa ndio mchore ramani. Mkianza na ramani mtajenga chemchemi ya maji katikati pasipotakiwa na mwaka wa pili itakuwa ya vyura.

Kuhusu skrini nina neno refu kidogo, vumilieni.

Skrini kubwa ni kitu cha hela, na najua kitakachotokea, atakuja mtu wa matangazo atasema mimi nawawekea bure. Mtafurahi. Halafu kuanzia asubuhi hadi usiku ni vifurushi vya simu, bia, na kubeti, mtoto wa darasa la tatu anatoka Mlandege anajua odi kabla hajajua jedwali la saba. Sikatai matangazo, hata hao Times Square ni matangazo matupu, ila wamefanya kitu kimoja cha akili, tangu 2012 kila usiku saa sita kasoro dakika tatu zile skrini zinaacha matangazo, zinaonyesha kazi ya msanii mmoja kwa pamoja mpaka saa sita kamili. Dakika tatu tu. Sisi sio mji wa kukesha, saa sita usiku Julai Iringa mtu akiwa nje ujue ana shida, kwa hiyo yetu iwe saa moja na nusu jioni na isiwe dakika tatu, iwe saa nzima, na iandikwe kwenye mkataba kabla skrini haijapandishwa juu ya nguzo. Iandikwe! Sio mje mtuambie mwekezaji amekubali kwa mdomo.

Na hiyo saa moja tuonyeshe nini? Hapa ndipo mi nalala nawaza. Chicago kuna bustani moja inaitwa Millennium Park, ilifunguliwa 2004, ilichelewa miaka minne na gharama zikapaa kupita bajeti ya mwanzo kwa mbali, kwa hiyo mkisikia watu wanasema ng'ambo hawacheleweshi miradi wacheni kuamini. Ndani yake kuna minara miwili ya vioo, mrefu kila mmoja karibu mita 15, imetazamana. Aliyeibuni ni msanii wa Hispania, Jaume Plensa. Kwenye minara kuna sura. Uso wa mtu mzima mzima, mkubwa kuliko nyumba, unakutazama, unapepesa macho taratibu, baadae mdomo unajikunja kama mtu anayetaka kupuliza moto, halafu maji yanaruka kutoka mdomoni kweli kweli na watoto waliokuwa wanasubiri chini wanapiga kelele. Sasa zile sura ni za nani? Sio rais, sio meya, sio mfadhili. Ni wakazi wa Chicago wa kawaida, karibu elfu moja, walirekodiwa kwa msaada wa wanafunzi wa chuo cha sanaa cha mji huo huo. Mtu anaenda bustanini anajiona, au anamwona shangazi yake.

Hebu piga picha Iringa. Mama anayeuza mboga Kihesa sokoni, ile sura yake akiwa amefinya macho kwa ajili ya jua, mikunjo yote inaonekana, nywele kidogo za mvi zimetoka kwenye kitambaa, anakutazama kutoka juu Mwembetogwa hasemi kitu, anakaribia kucheka halafu hacheki. Anafuata fundi baiskeli wa Ipogoro mwenye grisi kwenye shavu. Anafuata dogo wa bodaboda, mzee wa Kalenga na kofia yake, dada wa Miyomboni anayeuza vitambaa, mwanafunzi wa Mkwawa aliyetoka Kigoma juzi na baridi imemshika. Hakuna maelezo, hakuna kauli mbiu. Kamera vijana wa vyuo wanazo, na siku hizi simu tu inarekodi vizuri. Gharama yake nyingine ni kuwaomba watu ruhusa kwa heshima, wasaini, na wakisema toeni sura yangu itolewe. Na jamani msianze kubandika kamera za ulinzi juu ya sanaa, Chicago walifanya hivyo 2006 watu wakaja juu wakaziondoa. Polisi wana njia zao.

Kwenye sauti ndio tuna utajiri na tumekaa kimya. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika na mashine zake za kurekodi, alikusanya muziki wa makabila mengi, na ligombo la Kihehe limo, lile la ubao uliochimbwa katikati nyuzi zikapitishwa juu na mpigaji anaimba taratibu karibu anaongea. Alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika 1954, leo ipo Afrika Kusini, kwenye chuo kikuu cha Rhodes. Sauti za wazee wa huku zipo kule zinatunzwa vizuri tu, mtafiti wa kizungu anazisikiliza na hedifoni, na mtoto wa Mtwivila hajawahi kusikia hata uzi mmoja. Afisa utamaduni wetu aandike barua. Zile rekodi ziombwe kihalali, COSOTA, wale wa hakimiliki, wahusishwe, na kama kuna mpigaji wa ligombo bado yupo huko vijijini aje apige mwenyewe, alipwe, sio apewe soda na fulana. Jua likizama saa kumi na mbili na nusu spika zipige ligombo dakika chache, kwa sauti ya chini, watu wanaopita na mizigo yao wasikie. Mi nikifikiria hapo tu nimemaliza.

Picha nazo zipo. Michoro ya mwambani ya Igeleke ipo nje kidogo tu ya mji, wengi wetu hatujawahi kuiona, msanii kijana akipewa kompyuta na muda anaweza kuifanya itembee ukutani. Isimila na zana zake za mawe. Vita ya Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, Mkwawa na jeshi lake walipomvizia Zelewski, kamanda wa Wajerumani, yule waliyemwita Nyundo. Sitaki katuni ya damu, nataka mtoto aelewe vichaka vilikuwaje, filimbi zilikuwaje, waliokaa kimya walikaa kimya kwa muda gani. Ila hapo hapo niseme, fuvu la Mtwa Mkwawa lililorudishwa 1954 na Gavana Twining lisigeuzwe mapambo ya skrini. Lipo Kalenga, lina wenyewe, ukoo uulizwe kwanza na wakisema hapana iwe hapana. Na sio kila kitu kiwe Mkwawa, mji huu una Wabena, Wakinga, Wahindi na Waarabu wa zamani wa mjini, Wagiriki walilima tumbaku huku, stori ni nyingi.

Mtu asije akadhani bila skrini hakuna uwanja. Jemaa el-Fnaa ya Marrakech, Moroko, UNESCO waliitambua 2001 kwa sababu ya watambaji wa hadithi, wanamuziki na waganga wanaokaa pale chini, hakuna taa ya ajabu, watu wanazunguka mtu mmoja anayejua kuongea. Kwa hiyo umeme ukikatika Mwembetogwa isife. Iwe na ngazi za kukaa za mviringo ambapo mtu anaweza kusimama akasimulia na akasikika bila kipaza sauti.

Na umeme utakatika. Tusidanganyane. Inauma kidogo maana bwawa la Mtera lipo hapo mpakani mwetu na Dodoma, mitambo yake megawati 80, na maji hayo hayo yanashuka yanazungusha Kidatu megawati 204, yaani mito ya nyanda hizi imewasha taa za nchi hii miaka na miaka. Wekeni sola na betri za kutosha taa za chini na spika, skrini ikizima izime, lakini mtu asiachwe gizani. Mvua zetu za Novemba mpaka Aprili zinajulikana, vifaa viwe vya kustahimili maji na vumbi, sio vya ukumbini vilivyofungwa na nailoni. Na baridi ya Juni na Julai na upepo wake, mkichora sehemu ya kukaa mchoreni na ukuta wa kukinga upepo, mchoraji wa Dar hatakumbuka hilo, atawaletea mabenchi ya chuma, nani anakaa kwenye chuma Julai Iringa?

Kitu kinachoua miradi hii sio ujenzi, ni mwaka wa pili. Taa ya kwanza inaungua hakuna fungu. Fundi yuko Dar anataka nauli na posho. Rimoti ina mtu mmoja, naye amehamishwa. Nimeshaona sehemu, sitaitaja, skrini ilizinduliwa kwa ngoma na kuku wa kienyeji, leo ni kioo cheusi ndege wamejenga juu yake. Naomba kabla ya utepe kukatwa baraza lipitishe mstari wa matunzo kwenye bajeti ya kila mwaka, uonekane, usomwe, na vijana wawili watatu wa hapa hapa wafundishwe kuendesha na kutengeneza, waajiriwe, VETA ipo.

Naomba pia mtu akae mezani kwenye kuchora ambaye hasikii, na mwingine ambaye anatembea kwa kiti. Mji wetu una bahati, Neema Crafts, karakana ya watu wenye ulemavu, ipo tangu 2003, mkahawani kwao wanaokuhudumia ni viziwi, unaandika oda kwenye karatasi mambo yanaenda, kwa hiyo hapa hatuna kisingizio cha kusema hatukujua. Maneno yakitamkwa kwenye skrini yaandikwe chini. Sakafu ya mbao sehemu moja karibu na spika kubwa ili ngoma isikike miguuni. Njia za mteremko, sio ngazi tupu.

Wauzaji: waacheni. Wapangieni sehemu ya mahindi ya kuchoma, chai ya tangawizi, karanga, wapiga picha, wapewe maji na pipa la taka, na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya vijana, akina mama na watu wenye ulemavu ikopeshe vikundi vitakavyofanya kazi pale. Mkileta mgambo kufukuza wauza karanga uwanja utakuwa mzuri na mtupu. Na geti msiweke kabisa, wala kiingilio hata cha mia mbili, wala kufungiwa wiki nzima kwa sababu kuna mtu kakodi kwa maonyesho. Mikutano ya hadhara iendelee, pale ni pake, ila ratiba ijulikane na skrini isiwe ya chama chochote, hata kinachotawala, hata kinachopinga.

Siku ya ufunguzi yenyewe sasa. Mnajua huwa inakuwaje, mgeni rasmi saa tatu anafika saa saba, wanafunzi wamepangwa juani tangu asubuhi na vibendera, meza kuu ina maua na maji ya chupa na kivuli, utambulisho peke yake dakika arobaini, risala, taarifa ya mradi, jiwe la uzinduzi lenye jina kubwa kuliko la uwanja. Kwa heshima zote tunaomba siku hiyo ifanyike jioni. Mgeni rasmi aje, tunampenda, azungumze dakika tano, akae kwenye kiti cha plastiki na sisi. Utepe ukatwe na watu ambao sura zao zitaonekana usiku huo, wawili watatu, wapige kelele wakijiona. Halafu ligombo, halafu skrini, halafu kwaya, halafu vijana wa singeli wafanye fujo zao mpaka saa nne, wenye watoto wameshaondoka. Mimi nitakuja na mama yangu, ana koti lake la mtumba zito, na nitamtafutia kiti cha mbele.

Ila haya yote yanaanza na kikao cha wananchi, na hapo nina ombi moja la mwisho. Mkiita kikao cha kupokea maoni msikiite Jumanne saa nne asubuhi ukumbini, wenye maoni wanakuwa sokoni, shambani na darasani, mtapata wastaafu na watu wa posho peke yao. Kiiteni Jumamosi saa kumi na moja jioni, pale pale Mwembetogwa, tangazeni kwa gari la matangazo Kihesa mpaka Ipogoro, leteni hivyo viti. Kupanga viti nitakuja kusaidia.

Ni mimi mkazi wenu,
Kihesa, Iringa